Umerudi baada ya miezi mingi: habari uzifuate gazetini, redioni, WhatsApp au kijiweni?

Bahari Kuu:
Wakuu, salaam. Niliondoka Februari na meli ya mizigo, nimeshuka wiki hii, niko nyumbani Tanga. Kule majini intaneti ni ya kugombania, ukiipata unaongea na familia basi. Sasa kila ninapokaa watu wanapiga stori nisizozijua: derby ya Simba na Yanga iliyoota mbawa, Simbu wa riadha, mara eti watu wamefikishwa mahakamani kwa sababu ya sisimizi! Nataka yote: michezo, ya hapa mjini na vituko. Nianzie wapi? Nawasilisha.

Mzee wa Magazeti:
Michezo ni gazeti, mkuu. Chukua hiyo derby. Ilikuwa ipigwe Machi 8, 2025. Simba wakagoma kupeleka timu baada ya kuzuiwa kufanya mazoezi Uwanja wa Mkapa usiku wa kuamkia mechi, Bodi ya Ligi ikaahirisha. Ukiitafuta WhatsApp leo utakutana na voice za watu wanatukanana tu. Kwenye magazeti ya wiki ile unasoma Simba walisema nini, bodi ikasema nini, Yanga wakajibu nini, siku baada ya siku. Ikaja kuchezwa Juni 25, Yanga 2-0, ubingwa wa nne mfululizo.

Msimbazi Damu:
Mzee, fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika umeiruka kwa makusudi au macho yanasumbua? Simba tumefika fainali ya Afrika. Berkane ya Morocco walitupiga 2-0 kwao, pale Amaan Zanzibar tukatoka 1-1. Haya, endelea na derby yako.

Bi Mwanaharusi:
Mimi ni wa redio, naisikiliza nikiwa jikoni. Kwa mambo ya hapa mjini haina mpinzani: maji yanakatika mtaa gani, barabara ipi imefungwa, nani kafiwa. Ila mdogo wangu, redio itakupa ya leo. Ya Aprili yalishapita na upepo.

Kasi Mpya:
Tusiidharau simu jamani. Simbu utamsoma gazetini umwelewe? Septemba 15, Tokyo, mbio za marathoni za dunia. Anaingia uwanjani, Petros wa Ujerumani yuko mbele yake, mita za mwisho Simbu anamsogelea, anamsogelea, wanamaliza pamoja, Mjerumani anaanguka kifudifudi kwenye mstari. Wote wamepewa saa 2:09:48! Picha ndiyo iliyoamua, tofauti ni sekunde 0.03. Dhahabu ya kwanza ya Tanzania kwenye mashindano ya dunia ya riadha. Hiyo ni ya kutazama, tena na sauti iwe juu.

Mzee wa Magazeti:
Hapo nakubali. Lakini hizo simu zenu ndizo zinazosambaza lile pete la chuma lililoanguka kutoka angani huko Makueni, Kenya, kama la jana. Lilianguka Desemba 30, 2024, kijiji cha Mukuku, kilo kama 500. Ukipokea kituko, tafuta tarehe kwanza.

Wa Naivasha:
Sasa mimi Mkenya niwape ya sisimizi, maana ilitokea huku kwetu. Vijana wawili wa Ubelgiji walishikwa Aprili na sisimizi kama 5,000, wakiwemo malkia, wamewekwa kwenye vibomba vidogo vyenye pamba. Kumbe Ulaya na Asia kuna watu wanafuga sisimizi nyumbani, na malkia mmoja ni pesa! Mei korti ikawaambia shilingi milioni moja kila mmoja au mwaka mmoja jela. Ukweli wa mambo niliupata kwa taarifa za mahakamani. Kijiweni walikuwa wameshafika kwenye uchawi.

Msimbazi Damu:
Kijiwe usikiguse. Kahawa, kashata, na unapewa miezi yote kwa saa moja. Ukitoka hapo nenda kahakiki.

Bahari Kuu:
Nimewaelewa. Video ya Simbu naitafuta sasa hivi, kijiweni nitapita jioni. Mzee, hayo magazeti ya Machi nayapata wapi?

Mzee wa Magazeti:
Kwangu yapo, yamefungwa kwa kamba. Ila wahi, mama watoto ameanza kuyafungia maandazi, na Machi ndiyo iko juu.