Umenunua nyumba ya mnada wa kodi Detroit, ndani kuna watu. Unawatoa?

Wadau, hili tulijadili kwa uzito, maana vijana wetu walioko Marekani wanashawishiana kuingia mnada wa Wayne County kule Detroit, eti kuna nyumba zinaanzia dola 500, na hoja yao ni moja tu, nimelipa, hati ninayo, aliyemo atoke. Mimi nakataa.

Kwanza sheria yenyewe. Michigan kodi ya jengo ikilala mpaka mwaka wa tatu kaunti inaichukua nyumba na kuiuza hata kama ina watu. Wewe unapewa hati, funguo hupewi. Unatakiwa utoe notisi, uende mahakamani, upate amri, na wa kutoa vyombo nje ni ofisa wa mahakama sio wewe na washkaji zako. Ukibadilisha vitasa au ukakata maji ili wachoke wenyewe, hapo mkosaji ni wewe na fidia utadaiwa.

Halafu waliomo ni kina nani? Kuna wapangaji humo pango wanalipa kila mwezi, mwenye nyumba anakula hela na kodi ya jengo halipi, mtu anakuja kushtukia notisi iko mlangoni. Kuna wazee wa kipato kidogo waliostahili kabisa msamaha wa kodi na hawakujua kama upo, na huku jiji lilikadiria nyumba zao juu kuliko thamani yake kwa miaka baada ya bei kuanguka 2008. Deni lenyewe lilikuwa limevimbishwa!

Mnaosema deni ni deni, someni kesi ya Rafaeli, mwenye nyumba kaunti jirani ya Oakland. Kodi ya jengo ilipungua dola 8.41, nyumba ikauzwa dola 24,500, kaunti ikabeba zote, mpaka 2020 Mahakama ya Juu ya Michigan ikasema hapana, ziada inayobaki baada ya deni ni ya mwenye nyumba. 2023 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua vivyo hivyo kesi ya bibi Geraldine Tyler wa Minnesota. Sawa, ila ziada ile inaenda kwa mwenye nyumba, mpangaji haambulii kitu.

Msimamo wangu, nyumba yenye mtu isifike mnadani kabla aliyemo hajapewa nafasi ya kuinunua yeye kwanza. Linawezekana, Detroit yenyewe tangu 2017 imeziondoa baadhi mnadani wakauziwa waliomo. Anayepinga anijibu hili, mpangaji aliyelipa pango lake lote bila kukosa, kosa lake ni lipi?