Sifa zipi humfanya mtu kuwa mlezi wa kambo mwema?

Mkaazi wa Bombo:
Asalaam aleikum, ndugu zangu. Mimi na mume wangu tumeomba kulea mtoto asiye wa damu yetu, na afisa wa ustawi wa jamii wa wilaya atakuja Alhamisi kuikagua nyumba na kuzungumza na mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji hapa Uganda. Mume wangu ni fundi cherehani, nami nauza mukene (dagaa) sokoni. Je, mliowahi kulea mnaona ni sifa gani isiyostahili kukosekana?

Bibi wa Arua:
Wa aleikum salaam, mwanangu. Mwaka 2016 nilipokea watoto wawili waliovuka kutoka Sudan Kusini bila wazazi, na sifa ninayoitanguliza ni subira isiyodai shukrani. Yule mdogo alilala na viatu kwa karibu miezi miwili. Kila nilipomvua akiwa usingizini, asubuhi nilimkuta amevivaa tena, hata nikaacha kumvua, nikawa nampangusa tope tu kabla hajapanda kitandani. Siku alipoviacha mlangoni mwenyewe sikusema neno, nisije nikamtia haya.

Msaidizi wa sheria, Kampala:
Naafikiana na Bibi, ila liko jambo ambalo wengi hulikwepa. Ulezi wa kambo ni wa muda, chini ya uangalizi wa ofisi ya ustawi. Kuasili ni jambo jingine, nalo huamuliwa na mahakama. Hata raia wa kigeni anayetaka kuasili hutakiwa kwanza amlee mtoto kwa mwaka 1, muda ambao kabla ya marekebisho ya Sheria ya Watoto ya mwaka 2016 ulikuwa miezi 36. Kwa hiyo anayetamani kumbadilisha mtoto jina na kumficha asili yake hafai, hata awe na ghorofa. Mtunzie kadi ya kliniki, ripoti za shule na majina ya jamaa zake, kwa maana shangazi akipatikana, huenda wewe ndiwe utakayemfungia mzigo.

Baba wa Busia:
Kwa heshima zote, Bibi, subira haijazi sufuria. Lakini hilo afisa ataliona mwenyewe. Mimi nauliza: watoto wenu wa kuzaa wameshauriwa? Binti yangu wa miaka 12 alitakiwa kugawana kitanda bila kuulizwa, na kinyongo kile kilituchukua mwaka mzima kukimaliza.

Mkaazi wa Bombo:
Ahsanteni. Tunaye mmoja, wa miaka 9, na kweli hatujamwuliza. Nitazungumza naye usiku huu.