Vijana wa Uingereza baada ya vita: siasa au dansi?

Mdadisi: Wako wanahistoria wanaolalamika kwamba habari za vijana wa Uingereza baada ya 1945 zimeelemea upande mmoja. Maandamano ya 1968 ya kupinga vita vya Vietnam pale Grosvenor Square, London, hayakosi kutajwa, ilhali tawi la vijana la chama cha Conservative, lililowapita wenzao wote kwa wingi miaka ya 1950, linarukwa. Mimi nasema linarukwa kwa haki. Mle walifuata dansi na wachumba.

Mama Wawili: Wachumba? Hapo umenigusa, kaka. Mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, alikuwa mle. Uchaguzi wa Mei 1955 aligonga milango mtaa mzima, orodha mkononi, akitia alama kwa penseli: wetu, si wetu, hayupo. Kupata mume humo kunaifutaje kazi hiyo? Na mbona wanaume waliopata wake humo huwasemi?

Mdadisi: Sikumsema mkweo, dada. Ila usimlinganishe na waliotembea siku nne kutoka Aldermaston, penye kituo cha silaha za nyuklia, Pasaka ya 1958, kupinga bomu la nyuklia.

Mjukuu wa Nyeri: Kutoka? Mwaka ule walianzia Trafalgar Square, London, KWENDA Aldermaston. Njia iligeuzwa baadaye.

Mdadisi: Nimeteleza, sawa. Lakini wewe kila mada kazi yako kusahihisha, hoja huleti.

Mjukuu wa Nyeri: Hoja hii hapa. Kijana wa miaka 18 alichukuliwa jeshini kwa lazima, miaka miwili, wengine wakaletwa Kenya kuwasaka Mau Mau. Kura hana mpaka 21. Babu alituambia askari waliopekua nyumba yake usiku walikuwa na nyuso za watoto. Bunduki wamepewa, kura wamenyimwa, nawe unazungumzia dansi!

Wakili: Uchungu wako nauelewa, ndugu yangu, lakini jeshi la lazima lilikoma kuandikisha 1960, na kura ya miaka 18 ikaja kwa sheria ya 1969. Kilichofungua njia ni kamati ya Jaji Latey, iliyotoa ripoti yake 1967. Yenyewe haikupewa suala la kura. Ilipewa mikataba, mali na ndoa, maana chini ya 21 huko England hukuoa bila idhini ya wazazi.

Mdadisi: Kumbe wachumba wamo! Mama Wawili, mkweo aliombewa idhini?

Mama Wawili: Aliombewa. Baba yake akakataa. Akasubiri mpaka 1956, alipotimiza 21, akaolewa Jumamosi iliyofuata. Kwa hiyo ile Mei ya penseli, kaka, alikuwa akiwaombea watu kura ambayo yeye mwenyewe hakuwa nayo.