Wazazi wamenichagua, mmoja akasema mgeni hakai mbele. Nijitoe?

Mama Vitenge:
Hamjambo wote. Naomba ushauri, na naomba tusitukanane kwa kabila wala kwa nchi.

Mimi ni Mkongomani wa Bukavu. Nina miaka 11 hapa Kayole, Nairobi, nashona na kuuza vitenge, na nina kitambulisho cha mkimbizi. Binti yangu yuko gredi ya tano katika shule ya serikali. Majuzi wazazi wa darasa lake walinichagua niwe mwakilishi wao katika chama cha wazazi. Sikuomba. Walinitaja kwa sababu muhula uliopita nilipita nyumba kwa nyumba nikikusanya pesa za chakula cha mchana, na kila shilingi iko kwenye daftari.

Basi mzazi mmoja akasimama akasema, "Mgeni hakai mbele ya wenyeji." Mwalimu mkuu akanyamaza. Hata wale walionitaja waliinamisha vichwa. Nilijikaza mpaka mkutano ukaisha, nikaja kulia nyumbani. Kilichoniumiza zaidi ni kwamba binti yangu alikuwa amesimama dirishani, akasikia.

Mume wangu anasema nijitoe, mkimbizi akae kimya asijulikane. Nami nilikuwa nawaza hata kwenda kwenye mkutano wa bajeti ya kaunti kusema habari ya mtaro ulioziba mbele ya ploti yetu. Sheria inanikataza?

Mwalimu Mstaafu:
Pole sana, mama. Usijitoe. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inasema chama cha wazazi ni cha kila mzazi mwenye mtoto katika shule hiyo, pamoja na mwakilishi wa walimu. Haiulizi mzazi alizaliwa wapi. Mtoto wako yuko kwenye rejista, basi wewe ni mwanachama sawa na yule aliyesimama.

Nimekaa katika mikutano ya namna hiyo zaidi ya miaka 20. Mwalimu mkuu hakupaswa kunyamaza. Nenda umwone ofisini, umwombe kwa heshima uchaguzi wako uandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano. Nenda na mzazi aliyekutaja, usiende peke yako.

Jirani wa Eastleigh:
Msimlaumu mumewe. Mwaka 2014, wakati wa msako wa polisi ulioitwa Usalama Watch, maelfu walikamatwa hapa Eastleigh na wengi wakazuiliwa uwanja wa Kasarani. Watu walijifunza kutoonekana. Dada, zungumza naye taratibu, usimshinde kwa vifungu vya sheria.

Wakili wa Mtaani:
Lakini vifungu avijue. Katiba ya 2010 inatofautisha "kila mtu" na "kila raia", na tofauti hiyo ndiyo jibu lako. Kupiga kura na kugombea ni haki ya raia, Kifungu cha 38. Hapo usiguse, wala usikubali mwanasiasa akuandikishe kwa mlango wa nyuma. Lakini Kifungu cha 37, haki ya kukusanyika kwa amani na kupeleka malalamiko kwa mamlaka za umma, ni cha kila mtu. Kifungu cha 119 nacho kinampa kila mtu haki ya kuwasilisha ombi Bungeni.

Kuhusu mtaro: makadirio ya bajeti hufika bunge la kaunti kabla ya tarehe 30 Aprili, kwa hiyo ukingoja Mei umechelewa. Andikeni barua moja, mtie sahihi wapangaji wote wa ploti, Wakenya na Wakongomani, na mbaki na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa.

Mzaliwa wa Kayole:
Nitasema wanachokisema wengi nyumbani. Basari za wadi hazitutoshi, madarasa yamejaa. Mtu akiona mgeni anashika daftari la pesa, anaogopa wetu wataachwa. Si chuki, ni hofu.

Mama Vitenge:
Nakuelewa, kaka. Sijawahi kuomba basari. Daftari liko wazi, hata wewe karibu ulisome.

Mnubi wa Kibra:
Kaka, hofu yako naifahamu kwa sababu imetulenga sisi vizazi kadhaa. Wazee wetu waliletwa na jeshi la Waingereza kutoka Sudan, wakazaliana Kibra, na bado tuliitwa wageni. Hati ya ardhi ya jamii, ekari 288, tuliipata 2017. Wamakonde, ambao asili yao ni Msumbiji, walitembea kwa miguu kutoka Kwale hadi Nairobi mwaka 2016 ndipo wakatambuliwa. Washona, ambao wazazi wao walikuja kuhubiri kutoka Zimbabwe, walipewa uraia Desemba 2020.

Katika miaka hiyo yote ya kungoja, watu hawa walizika majirani, walichanga, walisomesha. Mama, shughuli za mtaa hazingoji karatasi. Ila karatasi nazo zifuatilie, hasa za watoto. Cheti cha kuzaliwa cha binti yako kihifadhi kama macho yako.

Mwalimu Mstaafu:
Jambo moja nililisahau. Kabla ya mkutano ujao, mtafute yule mzazi faraghani. Aliyesema mbele ya watu hurudi nyuma kwa shida mbele ya watu.

Mama Vitenge:
Asanteni sana. Nimerudi na habari.

Mwalimu mkuu ameandika jina langu kwenye kumbukumbu. Jana jioni nilikwenda kwa yule mama. Hakunikaribisha ndani, tulisimama getini. Kumbe muhula uliopita mtoto wake alirudishwa nyumbani kwa pesa za chakula, na akaamini ni mimi niliyepeleka jina lake ofisini. Sikupeleka, lakini orodha niliisoma kwa sauti mbele ya wazazi wote, na jina lake lilikuwamo. Nilimwomba msamaha kwa hilo. Nimemwambia majina ya wanaodaiwa hayatasomwa tena.

Hakusema amenikubali. Aliuliza tu mkutano ni saa ngapi. Ni Alhamisi saa nane. Mume wangu amesema atafunga kazi mapema, atakaa nyuma kabisa. Binti ameniomba nivae kile kitenge cha bluu.