Kaunsela wa mtoto ataka nami niingie kucheza, ni kawaida?

MamaTudor: Asalaam aleikum jamani. Mwanangu ana miaka mitano, tangu babake aende Qatar kikazi ameanza tena kukojoa kitandani na madrasani hunishika buibui hataki niondoke. Daktari alimpima mkojo hakuna kitu, basi nkampeleka kwa kaunsela anaetumia michezo, midoli, mchanga, udongo, mtoto apenda mno. Sasa aniambia niingie nami anifunze kucheza nae, halafu nyumbani nimpe nusu saa kila wiki. Si nalipa yeye ndo afanye? Na nikiuliza mtoto amesema nini huko ndani haniambii yote.

Likoni_Finest: Kucheza na mwanao mpaka usomeshwe? 😂 Sisi tulicheza kombolela tukakua.

BintiKisauni: Likoni wacha mzaha. Dadangu, mimi hufanya kazi hii na huyo yuko sawa. Njia hiyo ya kumfunza mzazi kucheza na mwanawe ni ya kina Guerney, wanasaikolojia wa Marekani, tangu miaka ya 60, baadae Garry Landreth, mtaalamu wa tiba ya michezo, akaifupisha ikawa vikao 10 vya wazazi. Kaunsela amuona mtoto saa moja kwa wiki, na mtoto aogopa kuachwa na *wewe*, sasa akizoea kutulia kwa kaunsela peke yake itakusaidia nini nyumbani? Hiyo nusu saa mtoto ndo kiongozi, humfunzi rangi, humuulizi maswali, simu weka mbali, wataja tu unachoona: "huyu mdoli amekasirika baba kaondoka". Akitaka kukurushia gari mwambie naona una hasira, lakini mimi si wa kurushiwa, rushia ule mto. Midoli yenyewe iwe ya saa hiyo tu. Kuhusu siri, mwulize kaunsela mtoto anaendeleaje, akiwa hatarini ni lazima uambiwe, ila usimhoji mtoto kwenye tuktuk mkirudi, kesho atacheza akikuogopa.

Baharia_Babu: Mimi huwa melini miezi na miezi. Baba nae aingizwe, apige video saa ile ile kila wiki, na asimwambie mtoto "narudi karibuni" kama hana tarehe.

MamaTudor: Shukran sana, ntaingia. Sasa mamangu tunaishi nae, akiona mtoto ampiga mdoli atamkemea tu, nimfanyeje?

BintiKisauni: Saa hiyo mtume sokoni Kongowea 😂 La, kweli, nenda nae kwa kaunsela siku moja aelezwe na mtu mwengine, wewe hatokusikia.