Intaneti ya nyumbani imekuwa nzito baada ya kufunga Pi-hole

mzabibu_dom
Wakuu, naomba msaada wa kiufundi. Niko Kisasa, Dodoma, natumia faiba ya Mbps 20. Nimefunga Pi-hole toleo la 6 kwenye kompyuta ndogo ya Raspberry Pi 3B ili kuzuia matangazo kwa vifaa vyote vya nyumbani, jumla 11. Pi inatumia waifai, anwani yake ni 192.168.1.10. Kwenye ruta, ukurasa wa WAN (upande wa mtoa huduma), DNS (seva inayotafuta anwani za tovuti) ya kwanza nimeweka 192.168.1.10 na ya pili 9.9.9.9. Ndani ya Pi-hole, seva ya juu (ile Pi-hole inayoiuliza ikikosa jibu) nimeweka ruta yenyewe, 192.168.1.1, ili nipate DNS ya mtoa huduma. DNSSEC (ukaguzi wa sahihi za majibu ya DNS) nimeiwasha.

Dalili ni tatu. Ukurasa unasubiri sekunde 3 hadi 5, kisha unafunguka wote kwa mkupuo. Masasisho ya kompyuta yanashuka kwa KB 300 kwa sekunde hata saa 5 asubuhi, wakati zamani yalifika MB 2. Na umeme ukikatika ukarudi, hakuna tovuti inayofunguka kabisa. Kipimo cha kasi bado kinasoma Mbps 19. Dashibodi inaonyesha maulizo 180,000 kwa siku, karibu yote kutoka 192.168.1.1.

fundi_ilazo
Mkuu, asante kwa kuweka namba zote, jibu limo humo humo. Umefunga mduara. Simu inaiuliza ruta, ruta inaiuliza Pi, Pi inairudishia ruta swali lile lile, ruta inalirudisha kwa Pi. Swali linazunguka mpaka ruta ichoke na kwenda 9.9.9.9. Zile sekunde 3 hadi 5 ni muda wa kuchoka huko. Ndiyo maana maulizo yamefika 180,000 kwa vifaa 11, na ndiyo maana kipimo cha kasi hakishtuki: DNS haibebi mzigo wa data, inatafuta anwani tu.

Kuna la pili lililojificha hapo. Pi-hole ina kikomo cha maulizo 1,000 kwa kila kifaa ndani ya sekunde 60. Kwa kuwa kila kitu kinapitia ruta, nyumba nzima inahesabika kama kifaa kimoja, na kikomo kikifika maulizo yanakataliwa. Fungua menyu ya Tools, sehemu ya Pi-hole diagnosis. Utakuta onyo linaloitaja 192.168.1.1. Usikimbilie kuongeza kikomo, maana kinakuonyesha mduara ulipo.

Fanya hivi. Ukurasa wa WAN urudishe kwenye hali ya kupokea DNS ya mtoa huduma yenyewe. Kisha nenda ukurasa wa LAN (upande wa nyumbani), sehemu ya DHCP (inayovigawia vifaa anwani na DNS), uweke DNS 192.168.1.10 peke yake. Usijaze ya pili: vifaa havisubiri ya kwanza ishindwe, vinatumia yoyote, na matangazo yanapenya huko. Seva ya juu ya Pi-hole iwe ya nje, kwa mfano 1.1.1.1, isiwe ruta. Ruta nyingi za watoa huduma zimefungiwa sehemu hiyo ya DHCP. Ikiwa yako ni hivyo, zima DHCP ya ruta uwashe ya Pi-hole, anwani za kugawa 192.168.1.50 hadi 192.168.1.200, lango 192.168.1.1. Anwani ya Pi iwe ya kudumu kabla ya kufanya hivyo. Baadaye zima na kuwasha waifai kwenye kila kifaa ili kichukue mpangilio mpya.

Na tafadhali iunganishe Pi kwa kebo kwenye tundu la LAN. Pi 3B ina waifai ya GHz 2.4 tu, masafa yanayojaa haraka kwenye nyumba zilizobanana. Pima kwa amri ya kuuliza DNS, `dig @192.168.1.10 udom.ac.tz`, mara mbili mfululizo. Mara ya pili jibu linatoka kwenye kumbukumbu ya Pi. Kwa kebo lisizidi ms (milisekunde) 2 au 3.

chimwaga_net
Nakubaliana na fundi kuhusu mduara, ila seva ya juu nisingeweka 1.1.1.1 bila kupima kwanza. DNS haibebi mzigo, lakini ndiyo inayochagua mzigo utoke wapi. Kampuni kama Akamai, zinazosambaza nakala za faili kwenye seva za sehemu nyingi, hukupangia seva kwa kuangalia swali la DNS limetokea wapi. 9.9.9.9 na 1.1.1.1 hazipeleki mbele sehemu ya anwani yako, kwa hiyo unaweza kupangiwa seva ya Ulaya wakati mtoa huduma wako ana nakala Dar es Salaam. Hapo ndipo KB 300 zako zinapotokea. Tena, ulipojaza DNS kwenye WAN uliifuta ile ya mtoa huduma uliyokuwa unaitafuta.

Soma DNS za mtoa huduma kwenye ukurasa wa hali ya WAN baada ya kuurudisha, kisha uliza jina moja la seva ya masasisho kwa `dig +short` kupitia DNS hizo, 8.8.8.8 na 9.9.9.11 (hizi mbili hupeleka sehemu ya anwani). Piga `ping` kwa kila anwani utakayopewa. Yenye ms chache ndiyo ya kuweka. Ukitumia ya mtoa huduma, ujue anaona tovuti unazouliza; hilo pima mwenyewe.

fundi_ilazo
Hoja nzuri, nakubali. Apime kwanza.

nzuguni_linux
Mimi naongelea umeme. Pi 3B haina saa yenye betri. Umeme ukirudi inaamka na saa ya nyuma, na DNSSEC hukagua tarehe za sahihi, hivyo majibu halali yanaonekana batili na unapata SERVFAIL (kosa la DNS kushindwa kujibu). Ili kurekebisha saa, Pi inahitaji jina la seva ya muda, na jina hilo inajiuliza yenyewe. Imekwama.

Dawa rahisi ni Pi isijitumie yenyewe kwa DNS:

`sudo nmcli con mod "Wired connection 1" ipv4.dns 8.8.8.8 ipv4.ignore-auto-dns yes`

Ukitaka uhakika zaidi, ongeza moduli ya saa ya DS3231. Angalia pia umeme unaoingia kwenye Pi kwa `vcgencmd get_throttled`. Ukiona 0x0 uko salama. 0x50005 maana yake adapta haitoshi sasa hivi. Chaja ya simu haifai, tafuta ya V 5, A 2.5. Kukatika ovyo kwa umeme huharibu memori kadi, kwa hiyo UPS ndogo ya kubeba ruta na Pi pamoja ni ununuzi wa maana.

mzabibu_dom
Nimefanya yote. Maulizo yameshuka hadi 21,000 kwa siku, kila kifaa kinaonekana kwa anwani yake. DNS ya mtoa huduma imetoa ms 14, 9.9.9.9 ilinipeleka seva ya ms 168. Masasisho yamerudi MB 2. Limebaki moja: simu moja ya Android bado inaonyesha matangazo.

nzuguni_linux
Ingia mipangilio ya mtandao kwenye simu hiyo, tafuta DNS ya faragha, uizime. Ikiwa na jina la seva, inapita kwa njia fiche ya mlango 853 na Pi haioni kitu. Kama imezimwa tayari, angalia kama ruta inagawa DNS ya IPv6.