Besi inakwama freti ya 7 uzi wa G, naombeni msaada kabla haijapigwa tupa

besi_mwanga
Wakuu habari za majukumu. Niko Kigoma mjini, Mwanga, napiga gitaa la besi kwenye kwaya. Besi yetu ni ya nyuzi nne, saizi ile ya kawaida ya inchi 34, shingo imefungwa kwa skrubu kwa nyuma, tuliichukua mtumba na ilikuwa inalia vizuri tu. Sasa tangu mvua ziishe nikibonyeza uzi wa G freti ya 7 (freti ni vile vyuma vilivyopita kukata shingo) inatakiwa itoke noti ya D lakini inatoka nusu noti juu, yaani sauti ile ile ya freti ya 8, alafu inakauka hapo hapo haivuti. Uzi wa D hapo hapo unakwaruza kidogo, A na E hazina shida. Saa hivi nakwepa kwa kuichukua hiyo noti kwenye uzi wa D freti ya 12 lakini mkono unasafiri mbali mno, wimbo ukiwa wa haraka nachelewa. Fundi mmoja amesema freti zimekwisha, apige tupa zote au tununue shingo mpya, na mweka hazina wetu ashaanza kuulizia bei. Kwa anayejua, ni kweli hakuna njia nyingine?

mtu_wa_katubuka
Kaka pandisha nyuzi tu, vile vidude vinavyobeba nyuzi kwenye brigi, kule chini nyuzi zinapofungwa, vina skrubu ndogo, zungusha G na D ziende juu kidogo, itaacha kugonga. Umemaliza.

fundi_mbao_tbr
Mdogo wangu salama. Mimi niko Tabora, kazi yangu ni useremala ila magitaa ya makanisa na bendi yananifikia sana, mji huu wa bendi ya Tabora Jazz watu bado wanapiga. Naomba kwanza mwambie huyo fundi aweke tupa chini. Tupa inaondoa chuma na chuma kikishaondoka hakirudi, so haishikwi mpaka ujue freti ipi ina kosa na kosa lenyewe ni lipi.

Ushauri wa kupandisha nyuzi utanyamazisha kelele ni kweli, lakini hiyo freti itabaki vile vile, nyuzi zikiwa juu sana vidole vinachoka na noti za kule juu zinaanza kutoka kwenye tyuni kwa sababu unauvuta uzi mbali zaidi ukibonyeza.

Sasa sikiliza dalili zako. Kama tatizo lingekuwa shingo nzima imepinda ungesikia kukwaruza freti nyingi zikifuatana, kwa kawaida zile za mwanzo mwanzo kama shingo imepinda kwenda nyuma. Uzi ukikwaruza ukiwa wazi tu, angalia kile kipande cha juu kinachoshika nyuzi karibu na kichwa, mifereji yake imechimbika. Wewe ni sehemu moja tu, na ukibonyeza 7 unapata sauti ya 8, maana yake uzi unalala juu ya freti ya 8. Kwahiyo ama ya 8 imeinuka ama ya 7 imelika. Hayo mawili tiba zake ni tofauti kabisa!

Chukua kadi ya benki, legeza nyuzi uzisogeze pembeni, simamisha ule ubavu mrefu wa kadi juu ya freti ya 7, 8 na 9 chini ya njia ya uzi wa G. Ikichezacheza kama meza yenye mguu mfupi basi ya katikati iko juu. Rudia kwa 5, 6, 7, hapo nayo ikicheza, ya 7 ndo iko chini. Kule juu kuanzia 12 tumia ubavu mfupi wa kadi. Freti za mwanzo kabisa kwenye besi zimeachana sana kadi haifiki, tafuta rula ya chuma.

Ukirudisha nyuzi na kutyuni, azima fila geji kwa fundi pikipiki, vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi wanavyosetia valvu. Bonyeza uzi wa E freti ya 1 na ya mwisho kwa pamoja, pima nafasi kati ya uzi na freti ya 7 au 8. Ikiwa karibu na 0.3 mm shingo yako haina shida. Isipokuwepo nafasi kabisa, ile nondo ya ndani ya shingo imekazwa kupita kiasi, ilegeze robo mzunguko, tyuni tena, pima. Ikiwa ngumu usiilazimishe, ikikatika hiyo ndo kweli utanunua shingo.

besi_mwanga
Mkuu Mungu akubariki. Nimepima. Fila ya 0.30 inapita inagusa kidogo tu. Kadi inacheza kwenye 7, 8, 9, na nilipotazama kwa tochi kwa pembeni, freti ya 8 upande wa G imeachana na mbao, karatasi inaingia chini yake! Upande wa E imekaa sawa. Na kwenye zingine nyingi ncha zimetokeza kwa pembeni zinakwangua mkono.

fundi_mbao_tbr
Basi freti hazijakwisha. Kiangazi mbao inakauka inasinyaa, freti ni chuma haisinyai, ndo mana ncha zinatokeza, na ile ambayo haikushika vizuri kwenye mfereji wake inainuka. Hapa kwetu mwezi wa tisa naletewa nyingi za hivyo.

Weka maskin tepu pande zote mbili za freti ya 8, shingo ilaze juu ya kitu imara, gonga taratibu na nyundo ya plastiki kuanzia ilipokaa vizuri kwenda ilipoinuka. Ikishuka ikarudi juu, tia tone dogo la supa glu nyepesi lipenye chini, weka kibao bapa juu, kaza na klampu iache ishike vizuri. Pima tena na kadi.

mtu_wa_katubuka
Na ikibaki juu kidogo hata baada ya gundi?

fundi_mbao_tbr
Hapo ndo tupa inaruhusiwa, hiyo freti moja tu. Funika pikapu (vile vya kunasa sauti chini ya nyuzi) kwanza kwa tepu, vumbi la chuma likiingia kulitoa ni mateso. Paka maka pen juu ya freti, sugua hapo palipo juu tu, pima kila mara. Ikishakuwa sawa itakuwa bapa kwa juu, irudishie mviringo kwa tupa ya pembe tatu ya kunolea msumeno, ila zile kona za tupa zisage kwanza ziwe butu zisichane mbao. Malizia na msasa wa 600, 1000, 2000. Ncha za pembeni piga tupa ndogo kwa mshazari ukielekea chini, usivute kwenda juu utazing'oa. Na mweka hazina mwambie hiyo hela anunue nyuzi mpya.